Kilo za Mayige Zavuka Mpaka

Alfajiri ya siku ya safari Milembe alijaza michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, akaifunga kwa khanga, akaiweka karibu na mlango ili isisahaulike. Kwenye begi kulikuwa na vitenge vya sare, shati jeupe la mumewe lililopigwa pasi ya mkaa, na viatu vya binti yao Kabula, ambavyo havikuruhusiwa kukanyaga vumbi la Bariadi mpaka vifike Kenya.

Jirani yao Shida alipoona begi alikuja na uso wa kutoa pole, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Msiba uko wapi?"

"Hakuna msiba. Tunakwenda Kenya."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Wala hatuna ndugu huko. Tunakwenda kutembea."

Shida alifikiri kidogo, akasema basi Mungu awatangulie, akarudi kwake kuwaambia wengine. Milembe alikuwa amelifanyia mazoezi jibu hilo wiki nzima. Katika ukoo wao mtu hupanda basi kwenda kuzika au kwenda hospitali Mwanza, na yeye alitaka ijulikane kwamba safari hii watu wote walikuwa wazima. Alijivuna, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Kutembea ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Mumewe Mayige alikuwa anakwenda kupimwa uzito.

Mayige ni mkulima wa pamba, na tangu alipoanza kulima, mizani ya kituo cha kununulia ilisoma pungufu ya alichopeleka. Hilo halikuwa jambo geni, maana ilisoma pungufu kwa kila mtu. Wenzake walipopunjwa walitukana, wakaenda kilabuni, na kilo zao zikaishia palepale kwenye vumbi la kituo. Mayige hakutukana. Msimu wa kwanza aliziangalia kilo zake ambazo hazikusomwa, akasema, "Hizi bado ni zangu," akaenda nazo nyumbani mwilini. Msimu uliofuata akafanya hivyohivyo, na kila msimu baada ya huo.

Hakunenepa. Mkanda wake uko kwenye tundu lilelile la siku ya harusi. Lakini kitanda kilivunjika, kikatengenezwa, kikavunjika tena, mwishowe akalala juu ya jamvi kwenye sakafu. Mabenchi ya kanisani walimwekea tofali chini. Mvua za masika hakwenda shamba la mpunga, kwa sababu mara ya mwisho walimtoa kwenye matope ya majaruba kwa jozi mbili za maksai. Kwa upande mwingine, hakuna mtu Bariadi nzima aliyeweza kushindilia pamba kama yeye. Akiingia kwenye gunia na kukanyaga mara moja, pamba ililala ikawa ngumu kama tofali, na watu walimwita kutoka mbali aje awashindilie. Nilimwona mwenyewe akitoka ndani ya gunia, mwembamba, ndevu zimejaa nyuzi nyeupe, watu wanne wakiinua lile gunia kwa taabu.

Tatizo lilikuwa mizani. Ya zahanati, ya mashine ya kusaga, ya kituo chenyewe, zote zilimsoma kilo sitini na mbili. Muuguzi aliona sakafu ikipasuka chini ya mizani, akasoma sitini na mbili, akaandika sitini na mbili, akamshauri apunguze chumvi.

Karani wa mizani pale kituoni anaitwa Januarius. Huimba sauti ya chini katika kwaya moja na Milembe, na misibani ndiye wa kwanza kushika jembe. Hakuna anayemchukia. Mara nyingi alimwambia Mayige kwa upole, "Baba, sema tu kwamba hazikuwepo. Ukishasema, zinashuka zenyewe."

Mayige alikuwa hajasema. Lakini magoti yalikuwa yameanza kuuma, na usiku Milembe alimsikia akigeuka, nyumba ikigeuka naye kidogo. Mwaka huu wakakubaliana. Angesimama juu ya mizani ambayo haijawahi kununua pamba yake, katika nchi isiyomjua. Ikimsoma sitini na mbili, atarudi nyumbani na kusema kwamba hazikuwepo. Milembe ndiye aliyemtaka aahidi, kwa sababu ya magoti. Tangu siku ile alikuwa akiomba rozari asijue anaomba lipi.

Kabula, aliyekuwa akingojea matokeo yake ya kidato cha sita, ndiye aliyepanga njia kwenye simu. Hawakuwa na wakala, wala mwenyeji, wala gari la kukodi. Basi hadi Lamadi, basi jingine hadi Sirari, kisha kuvuka kwa miguu yao.

Walitembea hadi stendi ya Bariadi. Bodaboda walimwamkia Mayige kwa heshima, na hakuna aliyesimama kumpakia. Januarius aliwapita kwa pikipiki akienda kufungua kituo, akapunguza mwendo.

"Safari njema, baba. Na yale magunia yaliyobaki?"

"Ndaki atayaleta jioni." Ndaki ni mdogo wake Mayige.

"Yaje tu, tutayapima," alisema Januarius, akaondoka.

Dereva wa basi la Lamadi alimjua Mayige na alikuwa amemwachia nafasi katikati. Lakini Lamadi walipanda basi linalotoka Mwanza, na kondakta wake, kijana aitwaye Ngassa, hakumjua. Mayige alipokanyaga ngazi, basi liliinama upande wake. Wachuuzi wa dagaa waliopandia Kalemela walishika ndoo zao.

"Mzee umebeba nini?" aliuliza Ngassa.

"Pamba."

Ngassa alitazama mikono ya Mayige, iliyokuwa mitupu. Akatazama ndoo ya Milembe, akafunua, akakuta michembe. Akafikiri kama kondakta anavyofikiri, akamketisha juu ya ekseli ya nyuma, katikati kabisa, mahali wanapoweka saruji, na basi likakaa sawa. Milembe akamkaribisha michembe. Alichukua, akashukuru, wabeja mayu, na mambo yakaisha.

Ziwa lilionekana upande wa kushoto, likapotea, likaonekana tena. Kabula alikaa dirishani akiwatajia wazazi wake kila kituo kabla hakijafika, na kila kilipofika kweli, baba yake alitikisa kichwa kwa fahari. Huyu mtoto alikuwa hajawahi kwenda kokote kule, na sasa anaongoza safari ya watu wazima kana kwamba barabara imejengwa na mjomba wake. Kwenye vilima vya Tarime dereva alishuka hadi gia ya kwanza. Injini ililia. Abiria waliojua kilichokuwa kinailemea walitazama nje kwa adabu.

Kabla ya hapo walikuwa wamepita kwenye mizani ya barabarani, na hapo ndipo Milembe alipoitoa rozari yake. Basi lilipanda juu ya bamba, springi zikalala, tairi za nyuma zikabonyea. Mayige alikaa wima, mikono juu ya magoti. Karani wa kwenye kibanda cha mizani akatazama namba zake, akapunga mkono: basi halina kitu, lipite.

"Hata hii," alisema Milembe.

"Bado tuko nyumbani," alijibu Mayige.

Lakini baada ya hapo hakula michembe tena, na Milembe alihesabu rozari mpaka Sirari.

Mpakani walivaa. Milembe na Kabula walifunga vitenge vya sare juu ya nguo za safari, Mayige akabadilisha shati nyuma ya ukuta, na viatu vya Kabula vikatoka kwenye begi. Wasafiri wengine walikuwa wamechakaa kwa vumbi. Hawa watatu waliingia ofisini kama watu wanaokwenda kubatiza mtoto.

"Mnakwenda kufanya nini?" aliuliza ofisa.

"Kutembea," alisema Milembe.

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu yeyote."

Ofisa aliinua macho, akawatazama vizuri, akagonga muhuri. Kwenye dirisha la pili, la upande wa Kenya, waliulizwa kama wana mzigo wowote. Milembe hapendi kusema uongo mbele ya serikali, ya kwake au ya wengine. Akasema wana michembe, na huyu. Ofisa akamtazama Mayige kutoka kichwani hadi viatuni, akasema huyo ni mtu, na watu hawalipiwi ushuru. Akagonga muhuri wa pili.

Wakatoka mlango wa upande wa pili. Simu ya Kabula ikatetemeka: mtandao mwingine unamkaribisha. Mayige alisimama kwanza. Udongo ulikuwa uleule, mbuzi walewale, na mama mmoja alikuwa anachoma mahindi yaleyale.

"Mama Kabula," alisema, "tumefika nje."

"Tumefika, baba Kabula."

Wakapeana mikono, kitu ambacho hawakuwa wamekifanya tangu siku ya ndoa.

Isebania hawakuwa na haja ya kutafuta sana. Karibu na stendi kulikuwa na ghala la mahindi, na kwenye sakafu yake bamba la chuma pana, la kupimia mkokoteni mzima pamoja na mzigo wake, lenye kioo cha namba nyekundu ukutani. Mwenye ghala, mama mnene aitwaye Apolonia, alikuwa anafagia punje akijiandaa kufunga.

"Hamjambo watu wa Tanzania. Mnauza ama mnanunua?"

"Tunaomba kupima," alisema Kabula.

"Kupima nini?"

Kabula akamwonyesha baba yake. Apolonia aliegemeza ufagio ukutani, akafuta bamba kwa kitambaa, akabonyeza mpaka namba zikarudi sifuri. Mtu akitaka kupimwa hupimwa. Ndiyo kazi yake.

"Nikupime kama mahindi ama kama mtu?"

"Kama pamba, mama."

"Sawa basi. Panda."

Milembe aligeukia mlangoni. Hakutaka kuona. Aliitaka nafuu ya magoti yale kwa moyo wake wote, na wakati huohuo alijua kwamba kama kioo kitasema sitini na mbili, atarudi nyumbani na mume mwepesi ambaye hatamjua. Akasikia bamba likishuka, chuma kikigonga chuma.

"Soma, mama," alisema Mayige.

"Elfu moja na themanini na sita," alisoma Apolonia.

"Soma tena."

"Elfu moja na themanini na sita. Haijambo pamba yako."

Mayige alibaki palepale juu ya bamba. Alivua kofia. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke, kwa kuwa hapo alikuwa mgeni na hakuna aliyemjua. Milembe aligeuka akaona namba zile nyekundu ukutani, zote zimeandikwa wazi, kila msimu wao ukiwa humo, ule wa ukame, ule wa viwavi, ule alioupalilia akiwa na mimba ya Kabula. Akajiona amekua ghafla. Akarekebisha kitenge chake.

"Hatuziachi," alisema. "Magoti tutayachua."

Kabula alipiga picha: baba yake ameshika kofia kifuani, namba juu ya kichwa chake. Akaituma kwa baba yake mdogo Ndaki, ambaye saa hiyo alikuwa kwenye foleni kituoni pamoja na magunia yaliyobaki. Haikupita muda Ndaki akapiga, na Kabula akampa baba yake simu.

"Shikamoo kaka. Nimeiona. Watu wote hapa wameiona, simu inazunguka. Wazee wamesimama."

"Na Januarius?"

"Ameitazama muda mrefu. Amesema ni picha nzuri sana, tuichapishe tuitundike. Kisha amesema mizani ya nje haitumiki hapa." Ndaki alisogea na foleni. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wanaoinua kitu kizito kwa pamoja, na sauti ya chini, nzuri, ya mwanakwaya, ikisoma namba. "Ngoja kaka, ni zamu yetu. Gunia la kwanza kati ya matatu limepanda mizani."

Mayige alikuwa bado juu ya bamba. Magoti yake yalikunjika kidogo, yakanyooka. Ukutani namba zikacheza, zikatulia.

"Mzee," alisema Apolonia, "umeongezeka. Elfu moja na tisini na tatu."

"Ndiyo," alisema Mayige.

Apolonia alichukua ufagio wake, akauliza kama sasa anaweza kuzima mashine, maana jua lilikuwa linazama na alikuwa hajala. Mayige alivaa kofia yake vizuri, akanyoosha shati jeupe, akasimama wima kuliko alivyosimama siku nzima.

"Subiri kidogo, mama," alisema. "Bado magunia mawili."