Maboga ya Mireille

Julai hiyo baridi iliingia Pinetown, kusini mwa Afrika, na upepo mkavu, na Truphosa alitandaza mbegu zake juu ya meza ya jikoni, akichagua za kupanda joto likirudi. Mboga za majani, mnavu, saga na kunde, hazikumpa shida. Shida ilikuwa maboga. Yeye alikuwa na mbegu za mama yake, kutoka Kakamega. Mumewe, Athanase, alikuwa na chupa ya mbegu za kwao Bukavu, iliyoachwa na marehemu mkewe, Mireille. Bustani ilikuwa moja, tena ndogo, na maboga ya aina mbili yakikaa karibu, nyuki huyachanganya. Mbegu utakazohifadhi hazitazaa tena boga unalolijua.

Tangu waoane, chupa ile ilikaa juu ya kabati. Truphosa aliipangusa vumbi na kuirudisha, kama anayehudumia mgeni asiyeaga. Lakini mbegu nazo huzeeka. Siku hiyo, Athanase akiwa kazini, aliifungua, akachota chache, akazifunga kwa kitambaa kibichi na kuziweka juu ya friji penye joto. Alitaka kujua kama zingali hai. Moyoni, na hili lilimtia aibu, alitamani kidogo ziwe zimekufa.

Jioni Athanase alikiona kitambaa.

"Hii iko nini?"

"Mbegu za Mireille. Nazijaribu."

"Umelowesha mbegu za Mireille?" Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Truphosa zaidi. "Mama, mbegu ikisha kulowa hairudi kwa chupa."

"Na ikifia ndani ya chupa, itarudi wapi?"

Athanase alitoka, akasimama uani bila koti mpaka chai yake ikapoa.

Wiki nzima walizungumza habari za umeme na za taxi tu. Kisha Truphosa akafungua kitambaa. Mbegu nyingi zilikuwa zimeoza. Mbili zilikuwa zimetoa kijimzizi cheupe. Angeweza kuzitupa zote na kusema zimekufa, wala hakuna ambaye angejua. Akaziweka zile mbili kiganjani.

"Athanase! Njoo uone."

Alikuja, akainama, akatazama bila kugusa.

"Iko hai," alisema. "Miaka yote hii nilijua ninazitunza. Kumbe naziua."

"Mwaka huu tupande hizi peke yake. Za mama yangu bado changa, zitangoja."

"Na wewe utakula boga ya Mireille?"

"Nitakula, kama ni tamu."

Athanase akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Truphosa alimwekea mkono mgongoni, akamwacha alie. Lilikuwa jambo geni, kumfariji mumewe kwa ajili ya mwanamke mwingine, na bado hakuona wivu aliokuwa akiuogopa. Aliona uchovu tu, na baadaye wepesi.

Walizipanda kwenye makopo dirishani, na baridi ilipokwisha wakazihamishia bustanini. Mche mmoja uliliwa na konokono. Wa pili ulitambaa mpaka ukapanda ukuta wa jirani, ukazaa.

Desemba Athanase alipika mwenyewe boga la kwanza, akaketi akimwangalia mkewe akionja.

"Iko tamu?"

"Tamu sana," alijibu Truphosa. La mama yake lilikuwa tamu zaidi, lakini hilo alilimeza pamoja na boga, akasogeza sahani aongezewe.