Maji ya Mgongoni

Katika vitu vyote vilivyomtia Omwenga kinyaa, na vilikuwa vingi, hakuna kilichoufikia mrija. Alikuwa angali mdogo alipozoea kutumwa na mama yake kumwita baba kutoka kwa jirani, mahali wazee walipozunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija mrefu mdomoni. Mrija wa huyu uliingia kinywani mwa yule. Ute ulining'inia kwenye ndevu. Machicha yakiziba, mzee alipuliza kwa nguvu, chungu kikatokota povu, na wenzake wakaendelea kunyonya kana kwamba hapakuwa na jambo. Omwenga alisimama mlangoni akibana pua, akaapa kwamba mdomo wake hautagusa mrija hata siku moja.

Sasa ilikuwa Januari ya mwaka wa tisini na tisa, jua la Kisii linapasua midomo, na Omwenga alikuwa dukani kwa Haresh akiutazama mrija.

Haresh aliuza vipuri vya baiskeli mjini, na mwaka huo duka lake lilikuwa limealikwa kupeleka mwendeshaji mmoja Nairobi kwenye mashindano ya baiskeli za milima. Vijana wawili walikuwa wamebaki kwenye mchujo, Omwenga na Ogeto. Jumapili wangetoka mjini alfajiri, wapande mpaka Keroka, waingie Gesima kwenye mashamba ya chai, washukie Nyamira na kurudi kupitia Marani. Atakayetangulia kufika dukani ndiye angekwenda. Omwenga aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Mara ya mwisho walipoijaribu njia ile, aliinama kuchukua chupa ya maji kwenye mteremko, usukani ukamponyoka, akajikuta ndani ya mtaro na kiwiko kimechunika.

"Ndiyo maana nawapa begi hizi," Haresh alisema. "Kijana wa ndugu yangu ameleta kutoka ng'ambo. Maji iko mgongoni, mkono iko kwa usukani. Chagueni."

Zilikuwa begi mbili za maji zenye mrija wa kunywea, na pembeni mkanda wa kiunoni wenye chupa mbili. Ya kwanza ilikuwa begi kubwa jeusi, la kubeba maji ya kutosha ng'ombe, lakini tundu la kujazia lilikuwa dogo kama la chupa ya soda. Omwenga alilikataa papo hapo. Ungelisafishaje ndani? Ukungu ungeota humo nawe ukiunywa. Ya pili ilikuwa ndogo, ya buluu, yenye mkanda wa kifuani wa kuizuia isirukeruke, na mdomo wake ulikuwa mpana, mkono mzima unaingia. Aliingiza mkono akazungusha, akanusa vidole. Plastiki tupu, kama ndala mpya.

"Unabana chuchu hii ya mrija kwa meno, unanyonya," Haresh alisema, kisha akaitia kinywani mwake, akanyonya na kumpa, ikiwa bado inang'aa mate. "Onja, bwana."

"Nimeona," Omwenga alisema, bila kunyoosha mkono.

"Huyu anaogopa chuchu, na alinyonya mpaka akaanza shule," Ogeto alisema. Alikuwa kijana mwenye meno makubwa na kicheko kikubwa zaidi, na hakukosa kipande cha muwa mdomoni. "Mzee Haresh, mimi nipe chupa. Siku ya kunyonya mrija ikifika nitaalikwa na wazee."

Mke wa Haresh, Sumitra, alicheka kwenye meza ya kuuzia mpaka bangili zikalia. Omwenga hakucheka. Alikikumbuka kiwiko chake. Akaibeba ile ya buluu kwa kamba yake, mbali na mwili, kama mtu anayekwenda kumtupa panya.

Nyumbani aliichemsha ile chuchu mpaka sufuria ikanuka mpira. Akaisugua kwa chumvi, akaisugua kwa ndimu, akaichemsha tena. Kisha akajificha nyuma ya jiko, akafumba macho, akanyonya. Maji yalikuja vuguvugu, yenye ladha ya gurudumu. Akayalazimisha kushuka.

Alipofumbua macho, mama yake, Nyanchera, alikuwa amesimama pale na ungo. Nyanchera alikuwa Msabato wa kweli, hata chai ya dukani haikuingia mlangoni mwake.

"Niliolewa na mrija mmoja," alisema, "sasa nimezaa mwingine."

"Ni maji, mama."

"Hata baba yako alianza kwa kusema amepita tu kusalimia."

Omwenga aliiuma chuchu tena. Alijizoeza siku zote zilizobaki, na kufikia Jumapili aliweza kunyonya bila kutapika. Kwake hilo lilikuwa jambo kubwa.

Na kweli begi lilifanya kazi. Kufika Keroka alikuwa ametangulia. Katika vilima vya Gesima hakuhitaji kuachia usukani hata mara moja. Aliinamisha kichwa, akauma, akameza, akaendelea kukanyaga. Wachumaji wa chai walinyanyua migongo kumtazama.

"Mama wee, njooni muone," mmoja alisema. "Huyu amebeba chungu mgongoni."

"Jua halijatoka vizuri ameshalewa. Ndiyo maana anakimbia hivyo."

Aliona aibu, lakini miguu ilikuwa myepesi. Nyuma yake Karan, yule kijana wa ndugu yake Haresh, aliwafuata kwa pikipiki kuhakikisha hakuna anayepanda gari. Ogeto hakuonekana.

Alionekana baada ya Nyamira, kwenye mwinuko mrefu wa vumbi ambako wanaume walikuwa wakizibua mtaro wa barabara. Omwenga alisikia mnyororo ukilia ubavuni, akageuka. Midomo ya Ogeto ilikuwa imeganda weupe kwenye pembe, na mkanda wa kiunoni ulikuwa mtupu. Chupa zote mbili zilikuwa zimeruka kwenye mteremko.

"Omwenga," alisema, akihema. "Nipe mrija."

Angekuwa na chupa, angeweza kusema imekwisha, au kumrushia aende nayo. Lakini mrija ulikuwa pale kifuani, unadondosha tone, kila mtu anauona. Na wanaume wa mtaroni walikuwa wameegemea majembe.

"Mpe mwenzako," mmoja alisema, mzee kidogo, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kubishiwa. "Au kuna kitu umemtilia?"

Wenzake waliguna. Omwenga alijua maana yake. Katika vijiji vyote alivyovipita asubuhi ile, aliyemnyima rika lake mrija mbele ya watu aliitwa mchawi anayemtakia mwenzake mabaya, na jina hilo lingemfuata mpaka mlangoni kwao. Akapunguza mwendo. Akauvuta mrija, akamwelekezea.

Baiskeli zilikwenda sambamba, bega kwa bega. Ogeto aliuma ile chuchu kwa meno yake makubwa yenye nyuzi za muwa, akanyonya kama ndama. Maji yalimtiririka kidevuni. Kisha, kwa mazoea aliyoyatoa sijui kwa babu gani, akavuta pumzi na kupuliza ndani ya mrija.

Omwenga aliyasikia mapovu yakitokota mgongoni mwake.

"Ulikuwa umeziba kidogo," Ogeto alisema, akampigapiga begani. "Nimekuzibulia. Asante, ndugu yangu."

Wale wanaume walirudi kwenye kazi yao, wameridhika. Ogeto alikuwa amepata uhai upya, naye Omwenga alikuwa bado na nguvu, na maji yakiwa zaidi ya nusu. Alichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa na kunywa. Aliinamisha. Kwenye chuchu kulikuwa na uzi wa muwa, umetafunwa, mweupe. Aliupangusa kwa fulana, lakini kilichokuwa nje hakikuwa taabu. Taabu ilikuwa ndani, imechanganyika na maji yote. Akauachia mrija, akakaza macho mbele.

Karibu na Marani, Ogeto alimpita. Omwenga alijaribu kumfuata, lakini ulimi ulikuwa umegeuka gome na mapaja yameshikwa kama yamefungwa kamba. Alishuka. Akakaa ukingoni mwa barabara, maji yakicheza mgongoni kila alipopumua.

Karan alisimamisha pikipiki, akalitikisa begi.

"Yako mengi hivi? Omwenga, unakufa na kiu na maji umebeba. Kwa nini hukunywa?"

Omwenga aliitazama chuchu iliyoning'inia kifuani.

"Basi kama hunywi," Karan alisema. Akachutama, akaushika mrija, akautia mdomoni bila hata kuupangusa.

Omwenga aligeuza uso. Alisikia ile sauti ya kunyonya karibu na sikio lake, ndefu, yenye raha. Akafungua mkanda wa kifuani, akaliachia begi likabaki mikononi mwa Karan. Akainuka na kuishika baiskeli, akaanza kuisukuma kuelekea mjini.