Umefunika?

Kiwandani walimwita Tahadhari, na jina hilo alikuwa akirudi nalo nyumbani kifua mbele. Kazi yake ilikuwa usalama: kofia ngumu, buti, mabango ya njano kila kona. Mtu akipiga chafya karibu na mashine ya kuchanganya rangi, Tahadhari alimwandikia onyo. Kwa hiyo aliponunua jakuzi, beseni kubwa la kuogea lenye maji moto ya mapovu, la kuweka uani, nyuma ya jiko, hakuna aliyeshangaa kuona mabango yamefika kabla ya maji.

Aliyabandika ukutani kwa mkono wake. Usikimbie. Nywele ndefu zifungwe, zisije zikanaswa na tundu linalovuta maji. Mlevi haingii. Yote yalikuwa usawa wa macho ya mtu mzima. Kitindamimba wao walimwita Kikombe, kwa sababu alilala na kuamka na kikombe chake cha plastiki na hakupita penye maji bila kuchota. Yeye kimo chake hakikufika hata kwenye bango la chini kabisa, na kusoma alikuwa bado.

Mkewe hakuwa na habari na mabango. Alichotaka ni kifuniko, kile kizito chenye vifungo pembeni ambavyo hata mtu mzima huhangaika navyo. Wakapatana kwamba Kikombe hatoki kwenda uani mpaka jakuzi lifunikwe, na mlango wa jikoni ukawekewa komeo juu.

"Kutoka dirishani jakuzi silioni, kwa hiyo kabla sijafungua komeo nitakuuliza," mkewe alimwambia. "Na wewe unijibu."

"Mama, mimi ndiye usalama wenyewe," akasema Tahadhari, na maskini aliamini.

Jumapili alasiri akaalika watu: shemeji yake, ambaye ni kaka wa mkewe, jirani wa ukuta mmoja, na mwenzake wa kiwandani. Sasa jakuzi lililofunikwa halina la kuonyesha, utadhani ni meza iliyokatwa miguu. Tahadhari akafungua vifungo, akakiegemeza kifuniko ukutani kikaziba mabango yote, akasogeza kingazi cha kupandia, akawasha mashine. Maji yakaanza kutoa mapovu kwa fujo.

Jirani akatumbukiza mkono, akautoa upesi. "Haya ni ya kuogea au ya kunyonyolea kuku?"

"Joto limepimwa," Tahadhari akasema kwa sauti ya semina. "Ila mtoto mdogo humu haruhusiwi kabisa. Mwili wake hupata joto upesi kuliko wetu. Usalama kwanza, ndugu zangu."

"Shemeji, tuache utani," akasema shemeji yake. "Umefunika."

"Umefunika mtaa mzima," akaongeza mwenzake wa kiwandani. "Hata bosi hana kitu kama hiki."

Neno hilo Tahadhari alikuwa amelingoja tangu jakuzi lishushwe garini. Kichwa kikavimba. Akajiweka sawa, akalipa jakuzi mgongo, akaanza kutoa hotuba. Hapo ndipo sauti ya mkewe ilipotoka dirishani mwa jikoni.

"Baba, umefunika?"

Aliisikia vizuri sana. Akadhani naye ameungana na wageni, na hilo lilimfurahisha kuliko sifa zote, maana mkewe si mtu wa kusifu ovyo.

"Nimefunika, mke wangu," akajibu kwa sauti kubwa. "Nimefunika mpaka basi."

Wageni wakacheka. Kule jikoni komeo likafunguliwa, na hakuna aliyelisikia kwa kelele za mashine.

Hotuba ikaendelea. Alikuwa anaeleza kwamba mtoto hazami kwa makelele, huzama kimya, wala usisubiri kusikia ukelele wake, alipoona mdomo wa jirani umebaki wazi na macho yanatazama nyuma ya Tahadhari. Akageuka. Kikombe cha plastiki kilikuwa kinaelea katikati ya mapovu, na juu ya kingazi hapakuwa na mtu.

Aliingia na viatu vyake. Mapovu hayakumwonyesha kitu, akawa anapapasa kama kipofu. Akashika mguu, ukamponyoka. Akashika gauni, akavuta. Mtoto alitoka amelegea, na kwa muda Tahadhari hakukumbuka hata jambo moja kati ya yote aliyowahi kufundisha watu. Kisha Kikombe akakohoa, akamtapikia maji shatini, akaangua kilio. Mkewe akampokonya mtoto mikononi bila kumtazama usoni.

Hospitalini daktari alimsikiliza kifua mtoto, akasema amepona. Mume na mke wakabaki kwenye benchi la ukumbini, Tahadhari viatu vinachuruzika maji.

"Nilikuuliza," mkewe akasema.

"Nilidhani unanisifu."

"Nikusifu kwa lipi, Baba?"

Siku iliyofuata Tahadhari aliyabandua mabango yote mwenyewe.

Siku hizi mkewe huuliza vilevile, dirishani palepale. Tahadhari hajibu kwa mdomo. Hupiga kifuniko kwa kiganja, kwa nguvu, mkewe asikie mwenyewe. Kisha komeo hufunguliwa, na mkewe hutoka kwanza peke yake, akazunguka jakuzi lote, akivuta kifungo kimoja kimoja.