Sikukuu ya Mtakatifu Asparuh

Kosa ni langu, na nalitaja mapema msije mkamlaumu Asparuh wa watu. Ofisi yetu ya Plovdiv ilipoamua kuhamisha mafaili yote ya zamani ya Markdown, yale yanayopangwa kwa nyota na vistari, kwenda kwenye wiki, ile tovuti ya ofisi ambayo kila mtu anaweza kuihariri, kazi nilipewa mimi. Nikaiwasha programu ya kugeuza, nikabonyeza, nikaenda zangu kunywa kahawa. Niliporudi kurasa zote zimeshahamia, nikajipongeza. Kukagua nilimwachia Mungu, na Mungu akamwachia Asparuh.

Maana Asparuh ndiye mwandishi wetu wa maelekezo, na toka siku hiyo akawa mtu wa kunyoosha orodha tu. Vipengele vya ndani vilikuwa vimetoka nje, vya nje vimejificha ndani. Maelekezo ya kuwasha seva yalikuwa na hatua saba. Sasa kila hatua ilikuwa namba moja, kama watoto saba wa mama mmoja ambao wote wanadai ni kifungua mimba. Kila fundi akaanza na aliyoipenda. Seva ikanuna.

Basi asubuhi ya tarehe sita Desemba, yuko mezani kwake anagombana na nyota na vistari, mara Tsvetan, bosi wetu, huyo kaingia na chupa ya rakia, ile pombe kali ya matunda.

"Heri ya siku ya jina, mzee."

"Jina la nani?"

"Lako, la nani tena? Usijifanye hujui. Mchana tunakuja wote, na ghorofa ya pili nao wanashuka."

Asparuh akacheka kidogo, kicheko kile cha kumchekea bosi. Lakini nyuma ya Tsvetan akatokea dada wa mapokezi na maua matatu, maana huku ukileta mawili ni ya kaburini, akambusu mashavu yote. Hapo Asparuh akaacha kucheka.

Siku ya jina, yaani sikukuu ya mtakatifu unayeitwa kwa jina lake, haina mwaliko. Ukiitwa Nikola, siku ya Mtakatifu Nikola watu wanakuja wenyewe, na ole wako wakute meza tupu. Sasa Asparuh, baba yake alikuwa mwalimu wa historia, akampa jina la khan, mfalme wa kale, yule aliyefika na farasi zake kabla huku hakujawa hata na kanisa. Mtakatifu wa jina hilo hayupo. Siku ya dada yake Ivana nyumba ilikuwa inafurika. Yeye anasimama mlangoni anapokea makoti. Lilimuuma toka utotoni, ila atamwambia nani? Mtu mzima na mvi zake anataka siku yake?

Akaufungua ukurasa wa siku za majina kwenye wiki. Chini ya Mtakatifu Nikola, yaani siku hiyo hiyo ya tarehe sita, palikuwa na watu watatu. Nikolay, ambaye alishahamia Varna. Halafu "Nikoleta Wasio na siku ya jina". Halafu Asparuh.

Akaelewa hapo hapo. "Wasio na siku ya jina" kilikuwa kichwa cha orodha nyingine, na chini yake jina moja tu, lake. Aliyekiandika hakuruka mstari kabla ya kichwa. Sisi tulikuwa tunalisoma faili kwa macho na kuelewa, lakini programu haina macho: ilikiona kichwa ni mkia wa Nikoleta, ikambandika. Asparuh akaangukia kwa Mtakatifu Nikola bila kubatizwa upya. Na dawa ilikuwa kuruka mstari mmoja. Kugusa kitufe mara moja tu.

Kidole kikiwa juu ya kitufe, mlango ukasukumwa kwa kiuno. Nikoleta wa uhasibu, kabeba sinia refu.

"Toa mkono hapo."

"Dada Nikoleta, nakurudishia siku yako."

"Nani kakutuma? Kila mwaka nalisha jengo zima samaki wa Mtakatifu Nikola, nalala na magamba kwenye nywele. Jana ndio nasoma kumbe mimi sina siku. Sijawahi kufurahi hivyo toka niolewe."

"Na hilo sinia?"

"Samaki alikuwa keshaingia kwenye oveni, ningemfanyaje? Ndani ya mkate, ana wali na kokwa za jozi tumboni. Chukua, sema umeoka wewe."

"Nani ataamini? Mimi hata chai inaniungulia."

"Sema kaoka mkeo."

"Mke wangu anafanya kazi hapa hapa, ghorofa ya pili. Kanipigia sasa hivi, anauliza mbona nimemficha siku yangu miaka yote."

Nikoleta akafikiri. "Basi sema ni muujiza."

"Lakini ni uongo, dada."

"Uongo uko wapi? Si imeandikwa kwenye wiki?"

Asparuh akayatazama yale maua, yamesimama ndani ya kikombe cha kahawa. Akaufunga ukurasa bila kugusa kitu.

Mchana meza ziliunganishwa. Tsvetan akang'ata kipande, akakunja uso wa mtu mwenye swali.

"Hivi khan Asparuh na samaki wapi na wapi? Yule si mtu wa farasi?"

"Si alivuka mto Danubi, bosi?" nikamwambia. "Unadhani mle mna kuku?"

Likapita. Mkewe akamshika bega, akamwongezea rakia. Asparuh akasimama na glasi.

"Jamani. Kwenye wiki yetu kila mtu anaruhusiwa kuhariri, najua. Kurasa zingine zote nitazinyoosha, hata ya seva. Ila ule wa siku za majina, naombeni mtu asiuguse."

Tsvetan akaangalia dirishani. Yeye ndiye aliyeniagiza asubuhi ile ile kwamba Jumatatu nigeuze mafaili yote upya, na lile la siku za majina likiwemo, safari hii vizuri. Mimi nikainamia sahani yangu. Samaki wa mtoni ana miiba mingi, na meza nzima, kila mtu alikuwa na mwiba wake mdomoni.