Daftari la Mama na Mijusi wa Karakana

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu, na mijusi walininyima raha miaka mingi. Siku moja mmoja wao alidondosha kinyesi kwenye jalada jeupe, tena mteja akiwa anatazama. Nikavua kandambili. Wiki mbili niliwasaka ukutani, mikia ikabaki inachezacheza sakafuni, hadi nikawamaliza. Kisha nikaanza kutamba kwamba hakuna karakana safi kama yangu.

Dada yangu mkubwa, mwalimu wa sayansi, alikuja na daftari la marehemu mama, akitaka nilitie jalada jipya.

"Mbona kuta tupu? Mijusi wako wapi?"

"Nimewafagia wote."

"Hao hawana sumu, mdogo wangu, wala hawali karatasi. Wanakula mende. Na wewe gundi yako ni ya unga, chakula cha mende kabisa."

"Tangu lini mwalimu akawa fundi? Nenda kafundishe watoto."

Nilimjibu hivyo mbele ya wateja, na wakacheka. Naona haya hata kulitaja.

Mama alijifunza kuandika ukubwani. Daftari lile ndilo maandishi yake pekee tuliyobaki nayo, na ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika majina yetu na siku tulizozaliwa, herufi zimelala huku na huku. Nililipaka gundi mgongoni, nikaliweka rafu ya chini likauke. Kazi zikanizonga, nikalisahau mwezi mzima.

Nilipolifungua, mende walikuwa wamekula gundi na karatasi pamoja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa matundu. Jina langu lilikuwepo. La dada halikuwepo.

Alipokuja kulichukua, nilimdanganya. Nikiwa mtu mzima mwenye mvi, nilimwambia, "Ni mijusi, dada. Kumbe kuna mmoja alinikwepa."

Dada alifunua ukurasa wa kwanza, akapitisha kidole pale jina lake lilipokuwa. Mende akachomoka mgongoni mwa daftari, akakimbia mezani katikati yetu. Wote wawili tulimtazama hadi akaingia chini ya rafu. Sikujua pa kuuweka uso wangu.

Dada akalifunga daftari kwa kitambaa, taratibu.

"Niachie," nikasema. "Nitalitengeneza, halafu nitalitunza hapa."

"Hapana, mdogo wangu," akasema, wala hakupandisha sauti. "Nitalitunza mimi. Kwangu mijusi wapo."