Dada Wawili, Kadi Moja

Kitambulisho kilikuwa ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo chini ya sanduku, na sanduku chini ya kitanda alicholalia mama. Binti alikipata akiwa kifudifudi sakafuni, shavu kwenye saruji baridi, vumbi limemjaa puani. Mama alikuwa ametoka alfajiri kwenda kuuza mboga sokoni, hangerudi kabla ya saa nane. Hata hivyo masikio yote yalikuwa mlangoni, ungedhani anaiba cha mtu. Kumbe cha kwake! Picha ni yake, jina ni lake, tarehe ya kuzaliwa ni yake. Miaka mitatu hakuwa amekitia machoni.

Akakifuta kwa upindo wa gauni, akakitia kifuani, akatoka. Barua hakuacha. Angeandika nini? Kwamba anakwenda kuolewa? Mama alikwisha kulijibu hilo siku Fundi alipoleta posa.

"Mwanangu, wewe umeshakufa," alimwambia akiendelea kupepeta mchele, wala hakuinua uso. "Maiti haposwi. Tulia."

Fundi alikuwa akimngoja kwenye kituo cha mabasi, amevaa suruali ya kuazima iliyomwishia juu ya vifundo. Alikuwa fundi bomba, mtu wa mikono mikubwa na maneno mengi, na asubuhi hiyo maneno yalizidi kwa sababu ya woga.

"Nilidhani umeghairi, Dada."

Dada ndilo jina aliloitwa nyumbani tangu alipopata mdogo wake. Siku hizi aliyebaki kumwita hivyo ni Fundi peke yake.

"Kilikuwa chini ya sanduku."

"Kingekuwa chini ya bomba ningekitoa mwenyewe," akasema, akacheka peke yake. Wakapanda basi la kwenda mji wa pili, mwendo wa saa mbili, ambako hawajulikani na ambako tangazo la ndoa yao lilikuwa limekaa ubaoni wiki tatu bila mtu kulipinga. Nani angelipinga? Wenye kulijua jina lile walikwisha kulizika.

Lazima lisemwe, hata kama linauma. Dada alikuwa ameajiriwa katika kiwanda cha mashati. Mdogo wake, Kijino, aliyeitwa hivyo kwa jino moja lililopandana na jingine, alizaliwa chumbani, katika mwaka wa kuhamahama, na hakuandikwa popote. Hana cheti, hana kitambulisho, hana kazi. Vumbi la vitambaa lilipoanza kumkohoza Dada, wakagawana kadi yake ya kazi kama watu wanavyogawana shuka moja: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mkubwa, siku zilizobaki mdogo. Walifanana hasa. Msimamizi alijua, akafumba macho, maana kila asubuhi alipata mikono iliyopumzika, na mshahara ukabaki uleule wa mtu mmoja.

Ijumaa moja, miaka mitatu iliyopita, ilikuwa zamu ya Dada.

"Nishikie leo tu," alimwambia mdogo wake. Kulikuwa na fundi bomba mmoja amemwalika kwenda kunywa soda. Kijino akamkonyeza, akaivaa kadi shingoni. "Nenda, lakini na yangu uniletee."

Moto ulianzia kwenye pasi. Milango ilikuwa imefungwa kwa nje, kwa sababu tajiri aliogopa kuibiwa mashati. Dada alisikia habari akiwa njiani kurudi, chupa ya pili mkononi, bado ya baridi.

Siku ya kutambua maiti, uwanjani pa hospitali, waliwekewa meza na orodha. Kampuni ingetoa fidia kwa namba za kadi, na asiye na namba hakuwahi kufanya kazi pale. Mtu wa kampuni akamsomea mama namba iliyokutwa shingoni mwa mwanawe. "Huyu ni nani wako?" Mama akatazama orodha, akatazama kilichofunikwa, akaweka dole gumba. Walizika Jumapili. Dada alikuwa amefichwa kwa jirani, nyuma ya pipa la maji, na akasikia watu wakimwombea kwa jina lake kamili.

Kisha wakahamia mtaa mwingine. Ndugu wa mbali walipokuja kutembea, alikaa na kiganja mdomoni ili wasione kwamba meno yake yamenyooka. Hayo angeyavumilia. Lakini haikupita miezi miwili, mama akaanza kumwita Kijino hata wakiwa wawili tu, mlango umerudishwa. Naye aliitika. Na kila alipoitika alihisi kuna mwingine aliyeitika pamoja naye, amechelewa kidogo tu, nyuma ya bega lake.

Basi likapita mbele ya kiwanda. Kilikuwa kimepakwa rangi mpya, ya bluu, na wanawake walipanga foleni getini, kadi shingoni.

"Usitazame," Fundi akasema.

Akatazama. Katikati ya foleni msichana mmoja aligeuza kichwa, na Dada angekula yamini kwamba alimkonyeza. Alijisogeza tu kwenye kiti, akaacha nafasi upande wa dirisha, nafasi ya mtu mwembamba. Fundi aliiona ile nafasi. Naye akajisogeza, isizibwe.

Karani wa ofisi ya usajili alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, chai imepoa mezani.

"Karibuni, wanangu. Mmetoroka, siyo?" Akacheka alipoona wanatazamana. "Wanaotoroka nawajua. Hawaji na mashangazi. Haya, leta vitambulisho tumalize."

Akaanza na cha Fundi, kikapita. Akaandika namba ya cha pili. Akaiandika tena, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akavaa miwani, akaitazama picha, kisha akamtazama yeye.

"Hiki ni cha nani?"

"Changu."

"Binti, kompyuta inasema mwenye hiki amefariki."

"Imekosea hiyo," Fundi akadakia.

"Hukosea sana tu. Lakini hapa kuna tarehe, kuna jina la kiwanda, kuna dole gumba la mama mzazi." Akashusha sauti. "Kijana, hebu funga huo mlango."

"Usifunge!"

Dada alikuwa amesimama bila kujijua, amekamata ukingo wa meza kwa mikono miwili. Fundi akauacha mlango wazi. Na hapo, huku watu wakipita ukumbini na mafaili, akaeleza yote: kadi, zamu, soda, orodha. Alieleza bila kulia. Karani alisikiliza hadi mwisho, na ni haki kusema kwamba hakuwa mtu mbaya.

"Nikikuandika kwamba u hai," akasema, "faili linakwenda polisi. Wataanza na aliyeweka dole gumba. Kuchukua fidia ya mtu aliye hai ni kesi, mwanangu, na kesi hiyo itakuwa ya mama yako."

"Na aliyefunga milango?" Fundi akauliza.

Karani akatazama kioo cha kompyuta, akashuka nacho hadi chini. "Huyo hayumo humu," akasema, kama muuza duka anayesema sukari imekwisha.

Kisha akainama mbele, amepata wazo, na uso ukamchangamka.

"Huyo mdogo wako hana cheti cha kuzaliwa?"

"Hajawahi kuwa nacho."

"Basi mambo yamekaa vizuri! Jisajili kwa jina lake. Wapo wengi wanaosajiliwa ukubwani. Unaleta kiapo, unaambatanisha cheti cha kifo cha dada yako, baada ya miezi sita mnarudi nawafungisha ndoa kwa mikono yangu. Mama hasumbuliwi, wewe unakuwa mtu tena. Nakusaidia kama mwanangu."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Kijino. Atakuwa amefia wapi?"

Karani alimtazama, hakuelewa swali. "Hatakuwa amekufa. Si ndiye wewe?"

Hasira ilimpanda Dada. Kaburini jina la Kijino halimo, kwenye orodha halimo. Kijino alikuwa amebakiwa na kile kifo tu, kifo cha Ijumaa ya mtu mwingine, na sasa hata hicho anaombwa akirudishe. Angetaka kupiga kelele ofisi nzima isikie. Lakini mawazoni akamwona mama amechutama nyuma ya mafungu ya mboga, akikwepa macho ya kila askari apitaye. Akanyoosha mkono.

"Nipe kalamu."

Cheti cha kifo kilikuwa tayari kwenye kompyuta tangu miaka mitatu iliyopita, hakuna aliyekiomba; karani akakichapa. Ilibaki kujaza fomu ya kukipokea. Jina la marehemu: akaandika majina yake yote matatu, kwa mwandiko mzuri wa shule. Uhusiano na marehemu: dada. Penye jina la mpokeaji aliweka la Kijino, lile la kuzaliwa, na ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kuandikwa kwenye karatasi ya serikali. Karani akachukua mkasi, akakata pembe ya kitambulisho, akakitupa kwenye droo. "Hiki kinabaki, ni cha marehemu." Akagonga cheti muhuri, akampa.

"Pole kwa msiba," akasema, kwa mazoea, kisha akajishughulisha na chai yake.

Nje, kwenye ngazi, alikaa mpiga picha aliyejipatia riziki kwa maharusi wa ofisi ile. Aliona suruali ya kuazima, gauni lililopigwa pasi, karatasi yenye muhuri. Hakuhitaji zaidi.

"Hongereni, hongereni! Bwana harusi, sogea basi, mbona kama unamwogopa mkeo? Bibi harusi, inua cheti!"

"Hapana, kaka," Fundi akasema. "Sisi hatu..."

Lakini Dada alikwisha kusimama mbele ya kamera. Aliinua karatasi hadi kifuani, mikono imetulia kabisa.

"Umekishika kinyume, dada. Maandishi yaje huku, yasomeke."

Akakigeuza.