Nguzo ya Mti Mbichi

Kila asubuhi kabla ya kwenda kulima, Viviane alimfunga mwanawe Bienfait kwenye nguzo ya katikati ya nyumba. Alitumia kamba ya katani. Alitanguliza kitambaa cha kitenge kwenye kifundo cha mguu ili kamba isimchubue, na kamba ikamchubua vilevile. Kisha akamwekea kikombe cha uji pale mkono wake mzuri ulipoweza kufika, akafunga mlango kwa nje, akashika jembe. Bienfait alikuwa na miaka tisa. Hakutembea wala kusema, na kifafa kilimjia kilipotaka. Alichoweza ni kujiburura kwa tumbo, na wakati mmoja alijiburura mpaka kwenye mafiga ya jirani, akaungua bega. Kamba ilianza hapo.

Na wewe unayesoma usikunje uso. Viviane alikuwa amejaribu watu. Baba wa mtoto waasi walimuulia Fizi, kule Kongo, mlangoni pake, na katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Viviane hakuwa na ndugu. Alimpa mtoto Sidonie, jirani yake, Mkongomani mwenzake na mwimbaji wa kwaya, amlee mchana kwa fungu la maharage. Sidonie alimpiga kwa mwiko mpaka sikio likapasuka.

"Anaangukaka mara mingi," Sidonie alisema. "Na ile povu yake, batu banasema ikikugusa na weye unaipata. Miye nilikuwa namusukuma tu na mwiko."

Jumapili aliimba vizuri sana.

Viviane akambeba mtoto mgongoni mpaka Mbarara, kwenye nyumba moja ya kulelea watoto walemavu, yenye maua getini na picha ya watoto wanaocheka. Mama wa pale alimtazama Bienfait bila kumgusa. Akauliza kama anakula mwenyewe, kama anakwenda chooni mwenyewe. Akataja na ada.

"Pole, mama. Sisi hapa nachukua walemavu wenye najiweza."

Viviane alitamani kumuuma yule mama shavuni. Akasema asante, akarudi kambini, akanunua kamba.

Sasa kuhusu nguzo. Kwao Fizi nyumba inajengwa kwa mianzi, na mwanzi ukishakatwa umekufa. Viviane alipopewa kiwanja, mwaka 2012, mvua ilikuwa inanyesha na alijenga peke yake, kwa hiyo alikata mti uliokuwa karibu, mtoma, akauchimbia katikati. Wenyeji wa Isingiro, wilaya ile ya kambi, hupanda mitoma kuwa ua. Wanajua mti huo unashika mizizi hata ukiuchomeka kichwa chini, na hakuna anayeuingiza ndani ya nyumba. Waliopita njiani walimwona akiushindilia, wakamsalimia, wakaendelea na safari zao.

Nguzo ikachipua. Majani yalitoka kwanza pale Bienfait alipoegemeza mgongo. Mizizi ikapita chini ya kuta zote nne, ikazishika. Viviane aliyakata majani kwa kisu akampa mbuzi wa jirani, hakufikiria zaidi.

Katika msimu wa kupalilia, siku ya Jumanne, nyumba ikang'oka na kumfuata Viviane.

Ilikwenda kwa mizizi, polepole, turubai la paa likipigapiga. Pale bombani wanawake walivuta mabidoni yao ya maji kando, kila mmoja akiangalia asipoteze nafasi yake kwenye foleni. Nyumba ilisimama njia panda kana kwamba imepotea. Sidonie akaielekeza.

"Mama yake amepita ku njia ya Rugaaga," alisema.

Shamba alilopalilia Viviane kwa kibarua lilikuwa la Kezironi, mzee mwenye migomba mingi na maneno makali. Nyumba ilipita katikati ya maharage yaliyokuwa yanatoa maua, ikafika mpaka alipokuwa Viviane, ikatulia. Ndani Bienfait alikuwa anacheka. Viviane alikuwa hajasikia kicheko hicho tangu Fizi, na moyo ukamjaa mpaka jembe likamponyoka.

"Wewe mama!" Kezironi alipiga kelele. "Mimi nilikataza mtoto kwa shamba. Sasa wewe naleta na nyumba?"

"Miye sikumuleta," Viviane alijibu. "Imemuleta yenyewe."

Kezironi akawaita wafanyakazi wake waje na mapanga. Waliikata nyumba mizizi kwanza, ikatoa utomvu mweupe, ukawarukia mikononi. Kisha wakaingia kwenye kuta.

"Muache! Mutoto eko ndani!" Viviane alipiga ukelele.

Walisikia wote. Bob, kijana mwenye nguvu kuliko wenzake, alisema baadaye kwamba yeye alisikia vizuri kabisa, ila panga lilikuwa limekwisha inuka. Lilipita kwenye udongo na kwenye fito, likaondoka na vidole viwili vya mkono mzuri wa Bienfait. Nyumba ikamkalia Bob. Mguu wake ulivunjika juu ya goti na chini ya goti. Viviane alimrukia Kezironi, akamuuma shavuni, na hakuachia mpaka damu ikamjaa kinywani.

Gari likapatikana upesi. Bob alilazwa kiti cha nyuma, Kezironi akakaa mbele na shavu lake, wakapelekwa hospitali Mbarara. Nafasi ya mtoto haikuwepo. Viviane alikifungua kile kitambaa cha kifundoni akamfunga nacho mkono.

Kesi ilisikilizwa na Munyakazi, mwenyekiti wa kamati ya wakimbizi, mbele ya nyumba yenyewe, ambayo ilikuwa imerudi ikichechemea. Viviane alisema atafidia maharage kwa kulima. Kuhusu shavu hakuomba radhi.

"Lakini munieleze kitu kimoja," alisema. "Nikienda kulima, ule mutoto nimuache na nani?"

Sidonie alikuwepo, akasogea nyuma ya wenzake. Munyakazi akauliza nyumba inaweza kuruka ua wa urefu gani. Mmoja akashauri ichomwe. Mwingine akasema ikichomwa itabidi mama apewe turubai jipya, na maturubai hayapo. Wakakubaliana wote kwamba ifungwe.

"Tutakupatia kamba ya nguvu," Munyakazi alisema. "Ile mambo ya mutoto tutaongea siku ingine."

Asubuhi Viviane alimfunga Bienfait kwenye nguzo. Safari hii alimfunga bila kitambaa, maana kilikuwa mkononi. Kisha akatoka nje, akaifunga nyumba kwenye kisiki. Kezironi hakumtaka tena, isipokuwa siku za kulipia maharage, kwa hiyo alikwenda kulima mbali zaidi. Mchana kutwa nyumba ilivuta na kuguna. Waliokuwa bombani walizoea mguno huo kabla ya saa sita, kama walivyokwisha zoea kilio cha mtoto.

Aliporudi, kamba ilikuwa imeichubua nyumba karibu na mlango. Udongo ulikuwa umebanduka na mti unatoka maji meupe. Viviane alifungua kopo la mafuta ya kujipaka, akakwangua. Alimpaka Bienfait kwenye kifundo cha mguu, akampulizia mpaka akanyamaza. Yaliyobaki akaipaka nyumba.